Ukipewa unga usioujua, anza na tone moja

Nilipokuwa mwanafunzi nilipewa unga mweupe kwenye kikaratasi, nikatakiwa kutaja ioni zilizomo, yaani chembe zenye chaji ya umeme zinazounda chumvi. Niliumumunyisha kwa maji, nikashika chupa ya sodiamu haidroksaidi, nikamimina kwa mkupuo. Maji yakabaki maangavu. Nikaandika "hakuna badiliko", nikahitimisha kuwa ni chumvi ya sodiamu au potasiamu.

Ilikuwa zinki. Mwalimu alichukua sehemu ya mmumunyo wangu niliyokuwa sijaitia kitu, kwenye testi tyubu nyingine, akatia tone moja tu la sodiamu haidroksaidi, akatikisa taratibu. Likatokea wingu jeupe, zito kama maziwa yaliyoganda. Akaendelea tone kwa tone, na lile wingu likaanza kupungua mpaka likaisha kabisa. Wingu hilo ni mashapo, yaani kitu kigumu kinachojitenga na mmumunyo; haya ya zinki haidroksaidi humumunyika tena alkali, yaani hiyo sodiamu haidroksaidi, ikizidi. Mimi niliwahi mwisho wa habari kabla ya kuuona mwanzo wake.

Tangu hapo nimewasaidia wengi kujiandaa na mitihani ya vitendo, na ninachokiona ni kilekile: majibu mengi huharibikia mkononi, ilhali nadharia mtu anaijua vizuri. Kwa hiyo ushauri wangu mwingi ni wa mkono.

Kwanza, usikimbilie chupa. Angalia unga ulivyo. Rangi ya samawati inakuelekeza kwa shaba, kijani hafifu kwa chuma(II), kahawia au manjano kwa chuma(III); namba hizo ni chaji ya ioni ya chuma. Weupe haukuambii mengi. Ukitaka kujua kama kitu ni kampaundi ya ioni, joto na umeme vinasaidia: chumvi ya mezani huyeyuka kwenye nyuzi 801 za Selsiasi, wakati sukari huungua mapema sana. Chumvi kavu haipitishi umeme kwa kuwa ioni zimefungwa mahali pake; itie majini na taa itawaka. Lakini usikifanye kipimo hiki kuwa hakimu wa mwisho. Kalsiamu kaboneti ni ya ioni na haimumunyiki majini, na kloraidi ya haidrojeni si ya ioni lakini ikiingia majini inapitisha umeme vizuri.

Sasa kwenye kationi, ioni zenye chaji chanya. Sodiamu haidroksaidi ikikupa mashapo ya samawati, ni shaba; hakikisha kwa amonia, ikizidi utapata samawati iliyokolea ambayo hutaichanganya na kitu kingine. Mashapo ya kijani ya chuma(II) yaandike papo hapo, maana baada ya muda juu yake panageuka kahawia kwa sababu ya hewa, na ukichelewa utaandika chuma(III).

Shida kubwa ni mashapo meupe. Zinki, alumini, risasi na kalsiamu zote zinayatoa. Ya kalsiamu hayamumunyiki hata ukizidisha, hayo matatu mengine yanamumunyika. Rudia kwa mmumunyo wa amonia: ya zinki yatamumunyika amonia ikizidi, ya alumini na risasi yatabaki. Hapo imebaki kutenganisha hizo mbili, na hapa ndipo penye jaribio ninalolipenda kuliko yote. Chukua mmumunyo wa awali ambao hujautia kitu, tia potasiamu aiodaidi. Kama ni risasi, manjano kali itatokea mara moja. Pasha moto mashapo machache kwenye maji ya kutosha mpaka yapotee, kisha acha tyubu ipoe bila kuitikisa. Vipande vyembamba vya rangi ya dhahabu vitaanza kushuka vikimetameta. Ukishaviona, risasi hutaisahau.

Usipopata mashapo yoyote, usiandike sodiamu haraka kama mimi. Pasha moto huo mchanganyiko, shika karatasi nyekundu ya litimasi iliyolowa karibu na mdomo wa tyubu. Ikigeuka samawati, ni amonia, kwa hiyo una ioni ya amoniamu. Ila karatasi isiguse kioo! Tone la alkali lililobaki ukingoni litaigeuza lenyewe, nawe utaripoti amoniamu isiyokuwepo.

Kwenye jaribio la mwale wa moto, ambapo unachoma sampuli kidogo kwenye ncha ya waya uone rangi ya moto, adui ni sodiamu. Hata alama ndogo ya vidole inaleta manjano inayofunika zambarau hafifu ya potasiamu. Safisha waya kwa asidi ya haidrokloriki, uchome, urudie mpaka mwale usibadilike, na utazame kupitia kioo cha samawati cha kobalti, kinachozuia manjano hiyo. Rangi hizi ni ushahidi mzito: wanasayansi Bunsen na Kirchhoff walizichambua kwa spektroskopu, chombo kinachotenganisha mwanga kuwa mistari ya rangi, na mwaka 1860 wakagundua elementi mpya kabisa, siziamu, kwa mistari yake ya samawati.

Upande wa anioni, ioni zenye chaji hasi, niliwahi kupata kloraidi katika kila sampuli ya siku nzima. Nikitia silva naitreti, mashapo meupe, safi kabisa, yakimumunyika kwenye amonia kama kitabu kinavyosema. Kumbe nilikuwa nikitia asidi ya haidrokloriki kwanza ili kuondoa kaboneti, na kloraidi niliyoiona niliileta mwenyewe. Kwa silva naitreti tumia asidi ya naitriki. Haidrokloriki iache kwa bariamu kloraidi unapotafuta salfeti.

Ndiyo maana siku hizi kila jaribio nalifanya mara mbili: mara moja kwa sampuli, mara moja kwa maji yaliyokenekwa peke yake. Maji yakitoa mashapo, chupa au tyubu ina uchafu.

Na usionje kitu, hata kionekane kama chumvi ya kawaida. Chumvi za risasi na za bariamu zinazomumunyika ni sumu, na nyingi ni nyeupe vilevile. Ukikuta kopo lisilo na lebo nje ya maabara, lifunge, liweke mbali na watoto, na uwaachie wenye vifaa kulichunguza.

Daftarini chora safu tatu: nilichofanya, nilichoona, ninachodhani. Ya tatu iache wazi mpaka jaribio la pili la kuthibitisha liishe. Siku ile ya zinki, safu ya pili ingeandikwa "mashapo meupe kwenye tone la kwanza, yakamumunyika kwenye la kumi", na ya tatu ingejijaza.