Yangu Haina Uso

Mhariri, wiki hii mmeuliza: ni picha ipi ya mwanao iliyonasa utoto wenyewe, nawe uliipata vipi? Yangu haina uso.

Ni mgongo wa kijana wangu wa miaka 6, amechutama uani hapa Nyalenda, Kisumu, akicheza bano, zile gololi za kioo. Nyayo zimejaa vumbi, kaptura imefumuka ubavuni. Nilikuwa nimemwita aje apigwe picha ya heshima, akajitia uziwi. Basi nikampiga picha alivyo.

Sisi tulipokuwa wadogo, picha ilikuwa ni studio. Unavishwa nguo za Krismasi, unasimamishwa mbele ya pazia la maua, unakatazwa kupepesa macho. Mkanda wa kamera ulitoa picha 36, na kila moja ilikuwa pesa. Ninazo zangu mbili. Nimekauka kama omena. Ajabu ni kwamba nilipopata simu nami niliwapanga wanangu vivyo hivyo: simama hapa, cheka, mshike dada. Wakacheka, meno tu.

Jua letu lina tabia zake. Tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo saa 7 mchana liko utosini na macho ya mtoto hugeuka mashimo mawili. Kuanzia saa 11 jioni huteremka upande wa ziwa, likampaka mtoto shavu moja. Usizubae, maana kabla ya saa 1 limezama, na giza la huku halibishi hodi. Mtoto akiwa na anga nyuma yake, simu hufuata mwanga wa anga, yeye akabaki kivuli. Gusa uso wake kwenye kioo. Anga itakuwa nyeupe pe, iache. Halafu chutama nawe, hata kama magoti yanalia kama yangu, la sivyo utapiga utosi.

Binti yangu wa miaka 9 ni kazi nyingine. Akiona simu tu, mkono kiunoni, midomo mbele. Nampiga hivyo kwanza, namwonyesha, anaridhika. Akisharudi kwenye kamba yake na kunisahau, ndipo naanza.

Baba yao alipoiona ile ya mgongo alisema, "Sasa nyanya yake kule Siaya atajuaje ni nani?" Nikaituma hivyo hivyo. Nyanya alipiga simu jioni ile ile. Alikuwa amemtambua mjukuu wake. Alichotaka kujua ni kwa nini kaptura haijashonwa.