Kinywe cha Ruangwa na betri

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini kinywe (grafiti, madini meusi ya kaboni) cha Ruangwa, Lindi, kiende nje ilhali "tayari kimeshachenjuliwa". Kuchenjua ni hatua ya kwanza tu. Mwamba unasagwa, unaogeshwa kwenye matangi ya mapovu, unapata unga wenye kaboni kama asilimia 95. Betri ya gari la umeme inataka kinywe cha asilimia 99.95, tena chembe ziwe zimeviringishwa kama punje za mtama. Sisi watu wa korosho tunalijua hili: kuanika na kupanga madaraja si kubangua.

Kuviringisha kunakula mali, karibu nusu ya unga inabaki vumbi, kwa hiyo lazima utafute na soko la hilo vumbi. Kusafisha unga ufikie hiyo asilimia 99.95 ndiko kugumu zaidi. Njia iliyozoeleka China hutumia asidi ya haidrofloriki, na mimi sitaki kabisa asidi hiyo ikaribie visima vyetu. Njia nyingine ni tanuri la joto la nyuzi zaidi ya 2,500 za Selsiasi, yaani umeme mwingi usiokatika. Hapo gesi asilia ya Mnazi Bay ina kazi ya kufanya huku huku Mtwara, si kupita tu bombani kwenda Dar.

Tangu Desemba 2023 China inadhibiti uuzaji wa kinywe nje, kwa hiyo wanunuzi wanatafuta pengine. Kuhusu wazo lako la kupata kinywe kwenye betri chakavu, nazo zikusanywe, ila viwanda vingi vya kuzirejeleza hufuata kobalti na nikeli, kinywe mara nyingi huishia kuungua au kubaki taka. Tuanze na tanuri.