Nimechoka na wadi, nataka kuhamia famasia, na HELB wananidai

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 29, ni muuguzi katika hospitali ya kibinafsi huku Kisauni. Digrii yangu nilisomea kwa mkopo wa HELB, ile bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Mshahara ni 38,000, huingia kwa M-Pesa, hati ya mshahara sijawahi kuiona. HELB nililipa miezi saba nikaacha, sasa yapata miaka miwili. Deni lenyewe ni 310,000. Adhabu naogopa hata kuangalia. Zamu za usiku ni nne kwa wiki na mgongo umeniisha.*

*Nimeamua nirudi chuo nikasomee famasia. Nikipita Digo Road nawaona wale wa kemisti na makoti yao meupe, feni inawapepea, wamelala usiku kama watu, natamani. Mjomba ana rafiki anayefungua kemisti Mtwapa. Amesema nianze kusimamia duka sasa hivi kwa 45,000, "si wewe ni nesi," halafu leseni atatafuta mwenye nayo aitundike. Mwenzangu wa chama ananishauri nikope tena nilipe ada ya chuo. Mama yangu wa Likoni ndiye aliyetia sahihi ya udhamini kwa HELB, na anajua nalipa kila mwezi. Je, nimalize deni kwanza au nirudi darasani?*

*Muuguzi aliyechoka, Kisauni*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa na kalamu mkononi. Umetaja usiku, umetaja mgongo, koti na feni. Dawa hukutaja hata moja. Mtu anayetaka famasia kikweli huwa hanyamazi: atakwambia vile alivyomwona mzee wa presha akimeza vidonge vya watu wawili kwa sababu kila daktari alimwandikia bila kuuliza cha mwenzake, na jambo hilo likamnyima raha. Wewe umeniandikia kuhusu usingizi. Sikucheki. Usingizi ni haki yako. Lakini tusije tukauita usingizi famasia, ukaulipia ada ya miaka mitano.

Nianze na Mtwapa, maana hapo pana moto. Usiende. Huyo rafiki wa mjomba hakutafuti wewe, anatafuta koti lako jeupe lisimame mlangoni. Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, hairuhusu duka la dawa liendeshwe na yeyote aliyejua kusoma majina ya dawa. Anayesimamia sharti awe amesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, na awe pale, yeye mwenyewe, si picha yake ukutani. Mchezo wa kukodisha leseni naujua, hapa pwani umezoeleka hadi watu wanauona ni biashara ya kawaida. Mwenye leseni yuko Nairobi, anatumiwa kitu kidogo kila mwisho wa mwezi, na kaunta ameachiwa msichana mwenye bidii kama wewe. Siku wakaguzi wanapoingia, mwenye duka anakuwa amesafiri. Mwenye leseni hashiki simu. Anayepandishwa gari ni aliyekutwa na mkasi mkononi akikata bamba la vidonge. Nilimwona kijana wa jirani yangu akipitia hayo, na hadi leo akisikia gari limesimama ghafla anageuka. Wewe una usajili wa Baraza la Wauguzi, ulioupata kwa jasho. Kuuhatarisha kwa nyongeza ya shilingi 7,000 ni kuuza jahazi ununue kasia.

Sasa deni. Hapa nataka uchukue karatasi, maana naona unaogopa kitu kisichotisha na kilichokuumiza hukitazami. Riba ya HELB kwa mkopo wa digrii ni asilimia 4 kwa mwaka. Kwa 310,000 hiyo ni 12,400 kwa mwaka, kama 1,030 kwa mwezi. Hakuna benki itakayokupa pesa kwa bei hiyo, wala chama chenu. Lakini anayeacha kulipa hutozwa adhabu ya 5,000 kwa kila mwezi unaopita. Zidisha kwa miezi yako 24: ni 120,000. Pesa hizo hukusomea, hukula, hukumpa mama. Umezilipia kunyamaza. Na jina likipelekwa CRB, wanaoweka orodha ya wasiolipa mikopo, huo mkopo wa ada anaokushauri mwenzako wa chama benki haitakupa, au utaupata kwa mtu wa kukuumiza.

Kwa hivyo swali lako, kwamba umalize deni kwanza au urudi darasani, mimi nalibadilisha. Deni la HELB si lazima liishe ndipo usome. Watu wengi wanasoma huku wanalipa. Kinacholazimika kuisha ni ile 5,000. Nenda Huduma Centre, kwenye meza ya HELB, na kitambulisho chako, uombe taarifa kamili ya akaunti: deni, riba, adhabu, kila moja kando. Usitume mtu. Ukishaiona, waambie unachopata na uombe mpango wa kulipa kila mwezi unaouweza kweli, si ule wa kuwafurahisha. Uliza pia kuhusu msamaha wa adhabu. HELB imewahi kutangaza msamaha kwa wanaojitokeza kulipa kwa mkupuo, na ukitangazwa tena utakuta uko kwenye foleni, hujajificha. (Hiyo hospitali inayokulipa kwa M-Pesa bila hati ya mshahara ina maswali ya kujibu pia. Pesa za SHA, bima ya afya, wanakukata? Za NSSF, akiba ya uzeeni? Uliza kwa upole, lakini uliza. Kwa sheria mwajiri ndiye wa kukata pesa za HELB mshaharani na kuzipeleka, na bila hati hutajua nani kakata nini.)

Famasia yenyewe sasa. Njia ziko mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni diploma, miaka mitatu, kama wanavyosomesha KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu. Ya pili ni digrii, miaka mitano, na juu yake mwaka mzima wa intanshipu, yaani mafunzo ya kazini, ndipo usajiliwe kuwa mfamasia. Hiyo intanshipu usiipitie haraka. Wewe ulikuwa kazini mwaka 2024 madaktari walipogoma siku 56, kuanzia Machi hadi Mei. Kiini kimoja cha mgomo ule kilikuwa ni maintani: kuchelewa kupangiwa vituo, na serikali kutaka kuwapa 70,000 kwa mwezi badala ya zile zaidi ya laki mbili za makubaliano ya 2017. Wafamasia wamo kwenye chama hichohicho cha madaktari, na maintani wao walikuwa kwenye foleni ileile. Kwa hivyo ukipiga hesabu ya digrii usipige miaka mitano. Piga sita, na akiba ya kungoja. Utakuwa na miaka 35 au zaidi unapoanza kupata mshahara wa mfamasia. Si uzee huo, mimi nilianza maisha upya nikiwa na 41, lakini ujue.

Na kaunta si feni. Marehemu dada yangu alisimama nyuma ya kaunta Majengo kwa miaka mingi, na jioni nilikuwa nikimpelekea chai. Nikuonyeshe saa moja tu, ile ya baada ya magharibi. Anaingia kijana, anataka amoksilini nne, "nne tu, mia sina." Dada anamweleza kuwa nne hazitibu, zinafundisha vijidudu kuizoea dawa, kijana anamtukana na kuvuka barabara kwa jirani ambaye atamuuzia. Anaingia mama na picha ya boksi kwenye simu, boksi lenyewe limeandikwa Kihindi, anataka "hii hii". Anaingia mzee na karatasi ya daktari ambayo hata aliyeiandika hangeisoma, na kupiga simu hospitali hakuna anayepokea. Nyuma yao watu watano wanagonga kioo kwa sarafu. Mpaka saa nne hajakaa kitako, miguu imevimba inajaa viatu. Kisha mlango ukifungwa, kazi ya pili: kuhesabu dawa, kutoa zinazokaribia kuisha muda, kujaza daftari la dawa zinazodhibitiwa, ambalo kidonge kimoja kikipotea hulali. Dada aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Aliipenda kwa ajili ya yule kijana wa amoksilini, aliyerudi baada ya wiki akiwa hoi, akamsikiliza. Feni ilikuwepo, ndiyo, na haikufanya kazi.

Basi nifanyeje, utaniuliza. Kabla hujanunua fomu ya chuo, fanya majaribio mawili yasiyokugharimu.

La kwanza, omba kutolewa usiku. Zungumza na matroni, peleka barua ya daktari kuhusu mgongo, uombe kliniki ya mama na mtoto au ya wagonjwa wa nje kwa miezi mitatu. Wakikukatalia, Mombasa ina hospitali zaidi ya moja, na muuguzi mwenye digrii na leseni hai hatafuti kazi kama mtafuta lulu. Ulale usiku miezi mitatu, kisha ujiulize kama bado unaitaka famasia. Ikiwa hamu imeondoka pamoja na usingizi uliolipwa, umeokoa miaka sita.

La pili, mtafute mfamasia aliyesajiliwa, mwenye duka halali, umwombe ukae naye Jumamosi nne. Usiuze, usimpe mtu dawa, kaa tu uangalie na kumbebea maboksi. Uondoke ukiwa umevimba miguu kama dada yangu. Kama Jumamosi ya nne unafika kabla yake ukamngojea mlangoni, hapo niandikie tena, nami sitakuzuia.

Na ikiwa hivyo, nitakuelekeza kwenye diploma kabla ya digrii. Najua umeshika digrii na utaona unashuka ngazi. Lakini ni miaka mitatu badala ya sita, na ukimaliza unasajiliwa na Bodi kwa jina lako, si la mtu wa Nairobi. Leseni ya uuguzi usiiache ife hata siku moja: ndiyo itakayokupa lokamu, zile zamu za kushikia wengine, za wikendi za kulipia ada na zile pesa za HELB za kila mwezi. Muuguzi anayejua dawa kwa undani ni mtu adimu, na miaka yako ya wadi haitakuwa imepotea. Unajua mgonjwa anaonekanaje dawa ikimkataa. Wengi walioanzia darasani moja kwa moja wanalijua hilo kwa kusoma tu. Mkopo mwingine wa ada usichukue kabla ya taarifa ya HELB kuwa mkononi mwako na mpango wa kulipa kutiwa sahihi.

Nimemwacha mama mwisho kwa sababu ndiye anayekuzuia kulala, kuliko hata hizo zamu nne. Sahihi yake ipo kwenye fomu. HELB wakikukosa wewe, mdhamini wanamjua. Asije akalisikia kwa mtu wa simu anayemwita jina lake kamili. Usimwendee na machozi na hadithi ndefu ya mgongo. Mwendee ukiwa na ile taarifa ya akaunti na risiti ya malipo ya kwanza, hata yakiwa ya 3,000. Chukua feri ya alfajiri, ufike kabla hajamaliza kukaanga mahamri ya wateja, umsaidie kuyatoa mafutani, na umwambie mkiwa bado mnayapanga kwenye sinia.