Kabla ya Kununua Waifai ya Meshi, Hesabu Kuta Zako

Nyumba ya wazazi wangu huku Riat, juu ya Kisumu, ni ya ghorofa moja na kuta zake ni za mawe. Ruta ilikuwa sebuleni. Hapo tulipata megabiti 40 kwa sekunde tunazolipia. Chumbani kwa Baba, juu upande wa nyuma, hata 3 hazikufika. Mama alikuwa akishuka ngazi na magoti yake yanayouma ili tu awaone wajukuu kwenye simu.

Nilianza na kiongeza mawimbi cha bei nafuu. Hicho hupokea na kutuma kwa redio ileile moja, hivyo kasi hupungua karibu nusu. Ndipo nikanunua meshi ya vituo vitatu, yaani vifaa vinavyopokezana mtandao na kuusambaza nyumbani, nikiamini futi za mraba zilizoandikwa kwenye boksi. Futi hizo hazijui ukuta wa mawe wala slabu yenye nondo. Mawimbi ya waifai ya masafa ya gigahezi 5 yana kasi lakini ukuta huyachosha upesi, ya 2.4 hupenya zaidi, ila ni ya polepole.

Tena nilikosea mahali. Kituo nilikiweka chumbani kwa Baba, penye shida, kumbe chenyewe kinahitaji mtandao mzuri ndipo kiusambaze. Nilipokihamishia kwenye ngazi, ambako slabu ina uwazi, Baba alipata megabiti 15 siku hiyohiyo.

Lakini kilichotutuliza hasa ni waya. Fundi alipitisha kebo ya mtandao, aina ya Cat6, kwenye bomba la zamani la antena, kutoka kwa ruta hadi kituo cha juu. Sasa vituo vinazungumza kwa waya, na hewa inabaki ya simu na kompyuta. Kwa hiyo dukani uliza kwanza: je, kila kituo kina tundu la kebo? Vingine havina. Na kama bado unajenga, tafadhali mwambie fundi alaze mabomba kabla ya plasta. Kebo moja hufika mita 100, inatosha nyumba yoyote ya kawaida.

Kebo ipite ndani ya nyumba, isitoke nje. Radi zetu za alasiri mnazijua; mawingu yakijikusanya, sisi huchomoa stima na kebo pia. Stima ikipotea, kila kituo huzimika, kwa hiyo betri ya akiba ya ruta peke yake haitoshi. Ya pili tumeiweka pale kwenye ngazi.