Jibu: Bondia mpole mtaani, akipigwa anapandwa na hasira
Salaam kocha. Umesema kijana wako ni msikivu, lakini akila ngumi moja safi kwenye sparingi (pigano la mazoezi) anasahau gadi (mikono ya kujikinga) na kurusha mikono ovyo. Usikimbilie kusema ndivyo alivyoumbwa. Angalia kwanza hasira inaanza lini. Ikija raundi ya kwanza, pumzi bado ipo, basi fahari imeguswa. Ikija raundi ya tatu tu, mara nyingi ni uchovu: gadi inashuka, anapigwa, anapaniki. Huyo mwongezee kuruka kamba na kupiga pedi, mawaidha hayatamsaidia.

Yule wa fahari ndiye mwenye kazi kubwa kumrekebisha. Mvalishe glavu za aunsi 16, mpe mwenzake mzoefu anayejua kupunguza nguvu, raundi za dakika 2, jabu (ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele) peke yake. Akipigwa, atoke pembeni hatua moja, atoe pumzi, ndipo ajibu. Akirusha swingi (ngumi ya kuzungusha mkono ovyo), simamisha papo hapo bila kumfokea. Makelele ya kona, pale anaposimama kocha, humchochea zaidi. Mkumbushe pia kwamba kwenye ngumi za ridhaa onyo rasmi la refa linakula pointi.

Na wale washkaji wanaopiga kelele "muue!" wasiingie jimu siku za sparingi.