Mwanangu, anza na choo

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza mlango wa nje ufungwe vipi katika hiyo nyumba ya wazee wenye demensia, yale maradhi ya ubongo yanayopoteza kumbukumbu, unayoichorea ramani, ili wasitoroke. Nimewauguza wazee hao miaka mingi, na kwangu swali hilo limewahi mno. Jiulize kwanza: mzee anayetangatanga anatafuta nini? Mara nyingi anatafuta choo.

Tulikuwa na mzee mmoja tuliyemwita msumbufu. Kila ikifika saa 8 usiku yuko koridoni anavuta vitasa, mlango baada ya mlango, na milango yote rangi moja. Tukimrudisha kitandani, analia. Kumbe choo kilikuwa chumbani mwake, hatua nne kutoka alipolala, nyuma ya mlango tuliokuwa tukiufunga. Usiku tulioacha mlango wazi na taa inawaka, aliamka, akakiona, akaenda, akarudi kulala. Bado naona haya nikikumbuka jina tulilompa.

Kwa hiyo choo kionekane mtu akiwa bado kichwa kiko kwenye mto. Kikalio kiwe na rangi nzito, mbali na rangi ya sakafu na ukuta, maana macho ya uzeeni hupata tabu kuona cheupe juu ya cheupe.

Halafu sakafu. Nimemwona mama wa watu amesimama mbele ya zulia jeusi la mlangoni, mkono umeng'ang'ania ukuta, mguu mmoja hewani, hathubutu kukanyaga. Yeye aliona shimo. Vigae vinavyong'aa navyo huonekana kama maji. Weka rangi moja isiyong'aa, chumba hadi chumba, na taa zaidi ya unavyodhani zinatosha: jicho la miaka 70 linahitaji mwanga angalau mara mbili ya lako.

Sasa mlango wako. Milango ya stoo na ya wafanyakazi ipake rangi ya ukuta, isimwite mtu. Ule wa bustanini uache wazi, na njia ya huko izunguke imrudishe alikotoka, isiishie ukutani. Pale Weesp, Uholanzi, De Hogeweyk, kijiji cha wazee wenye demensia kilichofunguliwa 2009, kimejengwa hivi: nyumba zenyewe ndizo ukuta wa nje, na ndani kuna vijia, duka na mgahawa. Wakaazi wanatembea humo watakavyo.

Penye milango ya vyumba, acha nafasi ya picha. Picha ya ujanani, mwanangu, si ya mwaka jana. Wengi wao sura ya leo hawaijui tena.

Ukishapanga vitanda nitumie ramani. Nitachora mstari kwa penseli kutoka kila mto hadi choo, nione kama kuna kabati limekatiza.

Mama yako