Praima na rangi nafuu kwa umbo la kutolea kalibu ya faibaglasi
Kama umbo lako litatolewa kalibu kwa resini ya poliyesta, achana na rangi ya kopo la kupuliza na rangi ya mafuta ya nyumbani, hata zikiwa rahisi. Stairini, kiyeyushi kilichomo kwenye jelikoti (tabaka la kwanza la resini linalopakwa juu ya umbo), huzilainisha, zikajikunja na kung'ang'ania kalibu. Nunua praima nzito ya magari, ile ya kuchanganywa na hadina (dawa ya kuigandisha) kwa uwiano ulioandikwa koponi. Piga mikono (matabaka) 3, pulizia vumbi jembamba la rangi nyeusi ili mabonde yaonekane, lisugue liishe lote kwa msasa wa maji 320, kisha 600 hadi 1200. Rangi ya juu si lazima. Praima iliyong'arishwa inatosha. Iache wiki nzima ikomae, ndipo upake nta mara 5 au 6, halafu PVA, kimiminika kinachokauka kuwa utando mwembamba wa kuzuia kalibu isigande kwenye umbo.